Gerhard Richter kwenye skrini: namna ya kuzisoma kurasa za makumbusho

Andika "Abstraktes Bild" kwenye kisanduku cha kutafutia cha makumbusho yoyote makubwa ya sanaa ya kisasa, na huenda ukaletewa mchoro wa Gerhard Richter. Fungua wa pili, jina ni hilohilo. Wa tatu, vilevile. Mjerumani huyu, aliyezaliwa Dresden mwaka 1932, ameipa mamia ya michoro yake jina moja, nalo halisemi zaidi ya kwamba huu ni mchoro wa dhahania. Makumbusho ya London na New York hulitafsiri, ya Ujerumani huliacha lilivyo, na mtafutaji hubaki na kurasa lukuki za rangi zilizoburuzwa, asijue kama ameona michoro kumi au mmoja mara kumi.

Akiiacha ya dhahania, mambo bado hayawi mepesi. Richter huyohuyo amechora ndege za kivita, mishumaa, mawingu, jamaa zake waliokufa, miraba ya rangi iliyopangwa kama vigae, na turubai zilizojaa kijivu kitupu. Mgeni akivipitia vipicha hivyo kwa kidole anaweza kuapa kwamba ni wachoraji watano waliokubaliana kutumia jina moja.

Ndiyo maana nimemchagua yeye. Wapo Wajerumani wengine wakubwa wa kizazi chake na wa baada yake, Anselm Kiefer, Georg Baselitz, Neo Rauch, na kila mmoja ana kurasa zake mtandaoni. Lakini Richter ndiye anayewapoteza watu zaidi, na njia ya kutoka kwenye upotevu huo inafundisha jinsi makusanyo ya mtandaoni yanavyofanya kazi kwa ujumla. Hoja yangu ni kwamba kwenye ukurasa wa makumbusho picha ndiyo inayovuta jicho, ila habari imo kwenye maandishi madogo yaliyo chini yake. Wengi huyaruka.

Namba mbili, wenyewe wawili

Tuanze na namba, kwa sababu ndizo zinazookoa muda. Mchoro wa Richter ulioko makumbusho huwa na namba mbili zisizohusiana. Ya kwanza ni ya mchoraji mwenyewe, inatoka kwenye orodha rasmi ya kazi zake. Ya pili ni ya makumbusho, yaani namba ya usajili inayotolewa siku kazi inapoingia kwenye mali ya taasisi.

Orodha ya mchoraji inaanzia na Tisch, mchoro wa meza wa mwaka 1962. Aliichora meza hiyo kutoka kwenye picha ya jarida la Kiitalia la Domus, kisha akaivuruga katikati kwa kiyeyusho mpaka ikawa kama imepigwa na upepo. Hiyo ndiyo namba 1. Lakini mwaka 1962 Richter hakuwa mwanafunzi mbichi. Alikuwa na miaka 30, amekwisha kusoma chuo cha sanaa cha Dresden katika Ujerumani Mashariki, amekwisha kulipwa kuchora kuta za majengo ya umma. Alikimbilia Magharibi mwaka 1961, miezi michache kabla ya Ukuta wa Berlin kujengwa, akaanza upya katika chuo cha Düsseldorf. Kazi za Mashariki hazimo kwenye orodha. Kwa hiyo namba 1 ni uamuzi wa mtu kuhusu mahali maisha yake ya kisanii yanapoanzia, na msomaji anapaswa kuijua hivyo. Orodha ikaendelea kwa zaidi ya nusu karne, hadi 2017 alipoachana na rangi ya mafuta akabaki na michoro ya karatasi. Namba za mwisho ni za 952.

Usidhani lakini kwamba kuna michoro 952 tu. Kazi zilizozaliwa pamoja hushirikiana namba kuu na kutofautishwa kwa kistari: 809-1, 809-2, na kuendelea. Kwa hiyo jumla ni kubwa kuliko namba ya mwisho.

Na hiyo 809 ina kisa chake. Ni michoro minne mikubwa ya dhahania ya mwaka 1994, kila mmoja una kimo cha sentimita 225 na upana wa sentimita 200. Mitatu kati yake, 809-1, 809-2 na 809-4, ilinunuliwa na mwanamuziki Eric Clapton kwenye mnada wa New York mwaka 2001, yote kwa pamoja kwa takriban dola milioni 3.4. Mwaka 2012 aliuza mmoja, ule wa 809-4, kwa zaidi ya pauni milioni 21, ambayo wakati huo ilikuwa bei ya juu kuliko yoyote iliyowahi kulipwa mnadani kwa kazi ya mchoraji aliye hai. Miwili iliyobaki akaiuza miaka iliyofuata, nayo kwa mamilioni. Wa nne, 809-3, ulipita njia nyingine kabisa: uko katika mkusanyiko wa Artist Rooms unaomilikiwa kwa pamoja na makumbusho ya Tate, Uingereza, na National Galleries of Scotland, uliotokana na kazi alizozitoa mfanyabiashara wa sanaa Anthony d'Offay mwaka 2008. Ukitafuta kwa jina tu, huwezi kujua kwamba ule unaoutazama bure kwenye tovuti ya Tate ni ndugu wa tumbo moja wa wale waliovuma magazetini kwa bei. Ukiitafuta 809, unawapata wote wanne na safari zao.

Namba ya makumbusho inasimulia kingine. Chukua Betty, pengine mchoro wake unaopendwa kuliko yote: binti yake amegeuza kichwa, amevaa koti lenye maua mekundu na meupe, anatazama nyuma kwenye kitu cha kijivu ambacho ni mchoro mwingine wa baba yake. Uko Saint Louis Art Museum, Marekani, na namba yake ni 23:1992. Hiyo inasomeka hivi: kitu cha 23 kusajiliwa mwaka 1992. Mchoro ni wa 1988, kwa hiyo ulichukua miaka minne kufika hapo. Kila makumbusho yana mtindo wake. Mengine hutanguliza mwaka, mengine huumalizia, mengine hutia nukta badala ya nukta pacha. Ukishajua mtindo wa mahali fulani, unaanza kuona mambo bila kuambiwa.

Mfano ulio mzito zaidi ni wa MoMA, makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York: 169.1995.a-o. Herufi kutoka a hadi o ni kumi na tano, na ndivyo ilivyo, kwa maana kazi hii ni michoro 15 inayohesabiwa kama kitu kimoja. Inaitwa 18. Oktober 1977. Tarehe hiyo Andreas Baader, Gudrun Ensslin na Jan-Carl Raspe, waliokuwa vinara wa kundi la Rote Armee Fraktion lililopiga mabomu na kuua katika Ujerumani Magharibi, walikutwa gerezani Stammheim, Stuttgart, Baader na Raspe wakiwa na majeraha ya risasi na Ensslin amening'inia. Raspe alikata roho baadaye siku hiyo. Ulrike Meinhof alikuwa amekufa gerezani humohumo mwaka mmoja kabla. Serikali ilisema walijiua, wafuasi wao hawakusadiki, na Ujerumani ikabishana kwa miaka. Richter alichora mwaka 1988, michoro ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza Krefeld mwaka 1989, baadaye ikakaa Frankfurt kwa mkopo. Sasa rudi kwenye namba: 1995, New York. Kazi inayogusa kidonda cha Wajerumani kuliko karibu nyingine yoyote ya baada ya vita ilinunuliwa na Wamarekani, na huko nyumbani habari hiyo iliwakera wengi. Ukurasa wa makumbusho hauna haja ya kukwambia haya. Mwaka uliofichwa ndani ya namba unatosha kukufanya uulize ilikuwaje.

Sasa weka namba za mchoraji kando ya za makumbusho. Betty ni 663-5. Michoro ya Stammheim inaanzia 667 na kuishia 674. Yule binti aliyegeuza kisogo na wale wafu wa gerezani walitoka kwenye karakana ileile, mwaka uleule, karibu mmoja baada ya mwingine. Saint Louis na New York ni miji miwili tofauti, tovuti mbili tofauti, na hakuna kiungo cha kubofya kinachoiunganisha. Namba ndizo zinazoiunganisha. Kwangu mimi Betty haijawahi kuwa picha ya utulivu mtupu tangu nilipoziona namba hizo mbili karibukaribu.

Skrini inampendelea Richter mmoja

Hapa pana fundo ambalo halimhusu kila mchoraji, linamhusu yeye. Michoro yake mingi ya miaka ya 1960 ilitoka kwenye picha za kamera: za magazeti, za albamu ya familia, za matangazo. Aliikuza picha kwenye turubai, akaichora kwa uaminifu kwa rangi ya kijivu, kisha kabla rangi haijakauka akapitisha brashi kavu juu yake mpaka mistari yote ikalegea na kuwa na ukungu. Ukisimama mbele ya turubai unaona vitu viwili vikigombana. Kwa mbali ni picha ya kamera isiyolengwa vizuri. Kwa karibu ni rangi iliyoburuzwa, unaona nyayo za brashi.

Makumbusho hupiga picha mchoro huo na kuuweka mtandaoni. Yaani picha imekuwa mchoro, na mchoro umerudishwa kuwa picha. Ugomvi umekwisha, picha imeshinda. Kwenye simu, mchoro wa Richter wa 1965 unaonekana kama picha ya zamani ya familia iliyopigwa na mtu mwenye mkono unaotetemeka, basi. Mtu anaweza kuutazama dakika nzima asijue kwamba ni rangi ya mafuta.

Onkel Rudi ndio mfano wa wazi. Ni mjomba wake Richter, kaka wa mama yake, amesimama barabarani na sare ya jeshi la Hitler, anatabasamu. Aliuawa vitani mwaka 1944. Mchoro ni mdogo, sentimita 87 kwa 50. Na hauko Berlin wala Cologne. Uko Lidice, katika Jamhuri ya Cheki, kijiji ambacho Wanazi walikiteketeza Juni 1942 kulipiza kisasi cha kuuawa kwa Reinhard Heydrich, mtawala wao katika eneo hilo: wanaume walipigwa risasi, wanawake na watoto wakachukuliwa, nyumba zikabomolewa hadi chini. Mwenye jumba la maonyesho ya sanaa, René Block, aliwaalika wasanii wa Ujerumani Magharibi mwaka 1967 watoe kazi kwa ajili ya kijiji hicho, na Richter akatoa hii. Askari wa jeshi lile lile, tena ndugu wa damu wa mchoraji, akapelekwa kukaa mahali pale. Ukiisoma taarifa ya mahali mchoro ulipo kabla ya kuutazama uso wa Rudi, tabasamu lile halikai sawa tena. Msomaji anayejali atautafuta pia Tante Marianne wa mwaka huohuo, dada yake Rudi, akiwa msichana pamoja na Richter mchanga. Huyo aliugua akili, akafungiwa kwenye hospitali za Wanazi, akafa mwaka 1945 katika mpango wao wa kuwaua wagonjwa. Kaka askari, dada mhanga, na mpwa wao ndiye mchoraji.

Lakini ukiandika "Uncle Rudi" kwenye tovuti kadhaa za makumbusho, unaweza kuletewa kitu cha mwaka 2000. Hapo usishangae. Mwaka huo Richter aliupiga picha mchoro wake mwenyewe, kwa makusudi akiutia ukungu kidogo zaidi, na kutoa nakala kadhaa za picha hiyo kama kazi mpya. Kwa hiyo kuna picha ya albamu, iliyokuwa mchoro, uliokuwa picha, na sasa wewe unatazama picha ya picha hiyo. Mstari pekee unaokuokoa ni ule wa nyenzo: ukisema rangi ya mafuta juu ya turubai uko Lidice, ukisema picha ya Cibachrome, yaani picha ya kamera iliyochapwa kwa rangi, uko kwenye toleo la nakala. Betty naye ana ndugu wa aina hii, chapa za ofseti za mwaka 1991. Makumbusho mengi yanayojivunia kuwa na kazi nyingi za Richter yana chapa na picha zaidi kuliko michoro, na hakuna ubaya, mradi ujue unachohesabu.

Upande wa pili kuna Richter anayeonewa na skrini. Tangu miaka ya 1980 alikuwa akitandaza matabaka ya rangi kwenye turubai kubwa kisha kuyaburuza kwa ubapa mrefu wa plastiki ngumu wenye mpini, mithili ya kile kifaa cha kukamulia maji kwenye vioo, ila mrefu kuliko mtu. Rangi ya juu inang'oka, ya chini inachungulia, nyingine inashika na kuacha makovu. Unene huo ndio mchoro wenyewe. Skrini ni tambarare. Mwanga unaotoka nyuma ya kioo cha simu huifanya rangi ing'ae kwa namna ambayo turubai haing'ai, huku makovu yakipotea. Tovuti zinazoruhusu kukuza picha husaidia kiasi, na kama bando linatosha ninashauri uanze kwenye kona ya chini, mahali ambapo ubapa uliachia na rangi ikajikusanya. Pale ndipo unaposoma mwelekeo wa mkono.

Vipimo ni mstari mwingine unaorukwa. Kwa kawaida kimo hutangulia upana. Tate hutumia milimita, makumbusho ya Marekani inchi na sentimita pamoja. Kwa 18. Oktober 1977 kutosoma vipimo ni kupoteza nusu ya kazi. Kwenye tovuti michoro 15 hujipanga kwa vipicha vya ukubwa ule ule. Kwa kweli Beerdigung, ule wa mazishi, una upana wa mita 3.2 na kimo cha mita 2, wakati ile mitatu iitwayo Tote, inayomwonyesha Meinhof amelala chini akiwa maiti, haifiki hata mita moja. Na hiyo mitatu yenyewe hailingani: wa kwanza ni 62 kwa 67, wa pili 62 kwa 62, wa tatu 35 kwa 40. Mwili uleule unachorwa mara tatu kutoka kwenye picha iliyochapishwa na jarida la Stern, na kila mara unasinyaa na kufifia. Vipicha vilivyosawazishwa vimekifuta hicho. Ukichukua rula na karatasi ukachora mistatili mitatu kwa uwiano wa vipimo hivyo, utauelewa mfululizo huo vizuri kuliko kwa saa nzima ya kubofya.

Kuna zile kazi ambazo skrini inazifanya zionekane kama zimezaliwa ndani yake. 1024 Farben ya mwaka 1973, iliyoko Centre Pompidou, Paris, ni miraba 1,024 ya rangi iliyopangwa kwa bahati nasibu, na leo hakuna anayeitazama bila kufikiria nukta za skrini, ingawa ilichorwa kwa mkono kwa rangi za madukani, kabla kompyuta hazijaingia majumbani. Dirisha lake la Kanisa Kuu la Cologne, la mwaka 2007, linatokana na wazo lilelile: vioo vya mraba zaidi ya 11,000 katika rangi 72. Halafu Strip, ambazo kweli zilitoka kwenye kompyuta. Alichukua picha ya mchoro wake wa 1990, namba 724-4, akaugawa kwa mbili, nne, nane, hadi vipande 4,096, akavivuta vikawa mistari myembamba ya mlalo. Mmoja wa hizo uko Tate, una upana wa mita 4.4. Kwenye simu unakuwa uzi wa rangi, na macho yanaumia.

Na vioo vyake vya kujitazamia? Richter ametengeneza vioo vya kijivu na vya kawaida kwa miongo mingi. Kwenye tovuti vinakuwa mstatili wa kijivu, au chumba kilichomo ndani yake mpiga picha aliyejificha kwa ustadi. Hapo sina ushauri.

Kwa nini picha ni ndogo

Msomaji aliyezoea kupakua kazi za Rembrandt kutoka Rijksmuseum ya Amsterdam kwa ukubwa wa kujaza ukuta hushangaa akifika kwa Richter: picha ndogo, mara nyingine haiwezi kukuzwa, na chini yake alama ya hakimiliki. Sababu ni ya kisheria. Ujerumani, kama nchi nyingine za Umoja wa Ulaya, hulinda kazi ya msanii kwa miaka 70 baada ya kifo chake. Caspar David Friedrich, aliyechora milima na ukungu Dresden hiyohiyo na kufa mwaka 1840, ni mali ya kila mtu. Richter si hivyo. Makumbusho yanamiliki turubai, hayamiliki haki ya kuinakili. Kumiliki kitu na kumiliki haki ya picha yake ni mambo mawili, na watu wengi huyachanganya, hasa wanaotaka kuweka mchoro kwenye jalada la kitabu au fulana.

Maandishi hayafungwi hivyo. MoMA, kwa mfano, imeweka mtandaoni orodha ya taarifa za mkusanyiko wake, majina, miaka, nyenzo, vipimo, namba, kwa yeyote kutumia bila kuomba. Picha hazimo. Kwa hiyo hata sheria inakusukuma kule ninakokusukuma mimi, kwenye maandishi.

Richter mwenyewe amekuwa mkarimu kuliko sheria inavyomlazimu. Tovuti yake rasmi inaonyesha michoro kwa namba, inataja maonyesho ambako kila mmoja ulipita na minada ulikouzwa, na kwa mingi inaunganisha na picha iliyotumika kama chanzo. Vyanzo hivyo viko kwenye Atlas, mkusanyiko wa karatasi karibu 800 zenye picha, vipande vya magazeti na michoro ya haraka ambavyo amekuwa akivikusanya tangu miaka ya 1960. Atlas yenyewe ni mali ya makumbusho ya Lenbachhaus, Munich. Kwangu hii ndiyo hazina kubwa kuliko zote. Unaona picha aliyoanza nayo, unaona alichokata pembeni, unaona alichokipuuza. Ila kumbuka kwamba ni mchoraji anayeeleza kazi zake mwenyewe. Orodha ni yake, mwanzo ni wake. Kwa jicho la pili kuna Gerhard Richter Archiv, kitengo cha makumbusho ya umma ya Dresden kilichoanzishwa miaka ya 2000, ambako Dietmar Elger amesimamia uchapishaji wa orodha kamili katika majuzuu makubwa yaliyojaa tarehe na historia za umiliki.

Kilichopo na kisichomilikiwa

Fundo la mwisho ni la mikopo. Mkusanyiko wa mtandaoni kwa kawaida huonyesha mali ya makumbusho, na kinachoning'inia ukutani si lazima kiwe mali yake. Kazi inaweza kuwa ukumbini miaka mingi na isionekane ukiitafuta kwenye tovuti, kwa kuwa mwenyewe ni mtu binafsi au taasisi. Kinyume chake pia ni kweli: ukurasa unakuonyesha mchoro mzuri, chini kabisa pameandikwa kwamba hauonyeshwi kwa sasa. Uko stoo, au umesafiri. Kama unapanga safari kwa ajili ya mchoro mmoja, tafuta mstari huo kwanza, nauli baadaye.

Birkenau inaonyesha ugumu wote kwa pamoja. Agosti 1944, wafungwa wa Kiyahudi waliolazimishwa kufanya kazi kwenye tanuri za kuchomea maiti katika kambi ya mauaji ya Wanazi ya Auschwitz-Birkenau walifaulu kupiga picha nne kwa siri na kuzitorosha nje ya kambi. Mwaka 2014 Richter alizihamishia kwenye turubai nne, kila moja 260 kwa 200. Akajaribu kuzichora kama alivyozoea, kwa kijivu na ukungu. Hakuridhika. Akaanza kuzifunika kwa rangi na kuziburuza, tabaka juu ya tabaka, mpaka picha zote zikazama. Kinachoonekana leo ni nyeusi, nyeupe, nyekundu na kijani, na hakuna hata umbo moja la mtu.

Kipicha cha tovuti hapa hakikusaidii chochote. Bila maandishi ni Abstraktes Bild nyingine tu. Turubai zenyewe ni za taasisi yake, Gerhard Richter Kunststiftung, na ziko katika kundi la kazi 100 zilizokopeshwa kwa muda mrefu kwa Neue Nationalgalerie, Berlin, ambako zilianza kuonyeshwa 2023. Huko ziliwekwa pamoja na nakala za zile picha nne, na mkabala wake kioo cha kijivu. Lakini Berlin hiyohiyo kuna Birkenau nyingine, ndani ya jengo la bunge, Reichstag, ikitazamana na Schwarz Rot Gold, kazi yake ya kioo ya mwaka 1999 yenye rangi za bendera na kimo cha karibu mita 20. Na kuna nyingine Oświęcim, Poland, karibu na kambi yenyewe, katika jengo dogo lililofunguliwa 2024. Hizo mbili ni nakala za picha za kamera, zimetolewa kutoka kwenye turubai. Zote zinaitwa Birkenau, zote zinasambaa mtandaoni, na wanaoziandikia habari huzichanganya kila mara. Ukifika kwenye ukurasa wa mojawapo, shuka chini mpaka kwenye nyenzo na namba: rangi ya mafuta juu ya turubai, 937-1 hadi 937-4, hizo ndizo alizozifunika kwa mkono wake.